Hatua Saba Kabla ya Kona

Kama ulikuwa mwanafunzi Mwanza kati ya mwaka 2002 na siku simu za kugusa zilipotuingilia, basi baba yangu amewahi kukukamata. Usibishe. Labda hukukanyaga shule aliyofundisha na jina lake hulijui, lakini uliingia kafe moja pale mjini, ukalipia nusu saa, ukafungua gemu lenye picha mbovu za rangi nne, na baba yangu akatokea kwenye kona. Maandishi mekundu yakajaa kioo: UMEKWISHA, KIJANA.

Gemu lenyewe liliitwa Zamu. Lilitengenezwa na kijana wa kidato cha nne, Kushal, kwenye kompyuta ya duka la spea la baba yake, mtaa wa Rufiji, saa za mchana wateja wakiwa wamekwenda kula. Wewe ni mwanafunzi. Mpira wako umenyang'anywa na kufungiwa ofisini. Unatakiwa utoke bwaloni, upite jikoni, maktaba, bustani na korido ya walimu, uchukue mpira na kurudi kabla ya kengele ya mahudhurio. Huna bunduki wala ngumi. Una kuta za kujibanza na miguu ya kunyata, basi. Na kati yako na mpira yuko mtu mmoja tu, Bwana Zamu: mrefu, kaunda suti ya kaki, rundo la funguo kiunoni, viatu vyenye chuma kisiginoni, na kikohozi kikavu cha mara mbili. Kho, kho.

Sinema kwetu huwa na stelingi na adui. Adui wa gemu hili, na kwa hiyo adui wa watoto wa Kanda ya Ziwa nzima, maana sidii zake zilifika Musoma, Bukoba na Shinyanga bila mtu kuzipeleka, alikuwa Mwalimu Jovinary Rugemalira, mwalimu wa hisabati na nidhamu, mzaliwa wa Kanyigo, mkazi wa Pasiansi, mume wa Bernadetta na baba wa mtoto mmoja. Mtoto ndiye mimi, Kokulinda. Kushal alikuwa mwanafunzi wake, akamchora vile vile alivyo. Hakubadili hata mwendo, ule wa korongo anayekagua vichwa vya samaki mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha mzigo.

Sasa jiweke kwenye nafasi yangu. Una miaka kumi, unaingia darasani na daftari zako kifuani, na watoto arobaini wanafanya "kho, kho!" kwa pamoja kisha wanatumbukia chini ya madawati wakicheka. Kila siku. Mimi nina hasira za karibu, sijawahi kuficha hilo. Nilipigana na nusu ya darasa. Msichana mmoja, Precious, alipoteza jino, ingawa lilikuwa la utoto na lingetoka tu.

Nyumbani sikusema kitu. Ningemwambiaje baba kwamba mji mzima unamcheka? Na mbaya zaidi ni kwamba kikohozi kilimfuata hadi sokoni. Nakumbuka tukiwa Kirumba tunachagua sato, jibaba moja lenye kitambi na koti likasimama mbele yetu, likakohoa mara mbili. Baba akalitazama, naye akakohoa mara mbili, kisha wakapeana mikono. Mimi nikamvuta baba shati tuondoke, na yule bwana nikamkata jicho ambalo nadhani analo mpaka leo. Nilimwona baba ni mtu mpole mno, asiyejua kujitetea. Nikaapa kwamba siku moja nitamtetea mimi.

Jambo moja tu kuhusu Bwana Zamu lilinipa raha, na sikumwambia mtu. Mimi niliwahi kumshinda, yeye mwenyewe, mwenye damu na nyama. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Jumapili mchana baba amelala, mimi nimekatazwa kutoka kwa sababu ya alama zangu za fizikia, nikaruka dirisha la stoo viatu mkononi na kwenda kafe. Kucheza nini? Zamu, bila shaka. Niliporudi kwa mlango wa nyuma nikasikia kikohozi chake ukumbini. Nikajibanza nyuma ya gunia la mkaa. Baba akaja mpaka jikoni, akasimama, akageukia kalenda ukutani akaisoma muda mrefu, kalenda ya mwaka uliopita, na mimi nikapita nyuma ya mgongo wake kama upepo hadi chumbani. Kwa miaka mingi, nikiwa na siku mbaya, nilijikumbusha kwamba Kanda ya Ziwa nzima ilimshinda kwenye kioo, lakini mimi nilimshinda jikoni.

Jitesh, mdogo wake Kushal, nilikutana naye chuo. Tulipomaliza tukafungua ofisi ya kutengeneza magemu juu ya duka lile lile la spea, chumba kimoja chenye feni moja na harufu ya grisi inayopanda kutoka chini. Tulikwisha kutoa gemu la bao na lingine la kufundisha watoto kuzidisha. Siku moja akaja na soda mbili, akaiweka yangu mbali kidogo na mkono wangu. Mtu anayenijua.

"Koku, usinirushie chupa," akasema. "Nataka turudishe Zamu. Jipya, kwa simu na kompyuta. Watu wanalililia."

"Sawa," nikasema.

"Sawa?"

"Ila Bwana Zamu namtengeneza mimi. Peke yangu."

Alifurahi hadi akanywa soda zote mbili. Tukamwandikia Kushal, ambaye siku hizi yuko Kanada na watoto watatu na theluji. Jibu lake lilikuwa fupi: "Fanyeni mtakavyo. Picha badilisheni, ramani badilisheni, rangi ongezeni. Kikohozi msiguse." Niliposoma hiyo sentensi ya mwisho damu ilinipanda. Zaidi ya miaka ishirini, mtu mzima na mvi zake, bado anataka kumcheka mwalimu wake!

Basi tukagawana. Jitesh akachukua shule: kuta, madirisha, kivuli cha mwarobaini, mwanga wa saa kumi unaoingia maktaba. Mimi nikachukua adui.

Nikueleze kazi hii ilivyo. Adui wa gemu la kunyatia ana vitu vitatu: macho, masikio na njia anayopita. Bwana Zamu wa zamani alikuwa na macho mabovu, haoni zaidi ya hatua nne, na njia yake ilikuwa ile ile kila mara, kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji. Mimi nikampa macho ya kweli. Nikampa masikio yanayosikia kijiko kikianguka bwaloni. Nikampa njia inayobadilika, asizoeleke. Kisha nikampa kitu ambacho Kushal hakumpa, moyo. Kwenye droo ya ofisini nikaweka barua ambayo mchezaji anaweza kuisoma, inayoeleza kwamba Bwana Zamu alilelewa na babu mkali, kwamba mke wake alifariki mapema, kwamba jioni husimama dirishani akilitazama ziwa machozi yakimtoka. Nikamvua funguo. Nikamvalisha raba. Na kikohozi nikakifuta, faili lenyewe nikalitupa, nikahisi mzigo umenitoka mgongoni.

Miezi minane tulifanya kazi hiyo. Tukakodi ukumbi Pasiansi kwa ajili ya uzinduzi, Jumamosi mchana. Jitesh akasambaza mwaliko kwa wanafunzi wote wa zamani wa shule ile aliowapata, na mgeni rasmi, sharti langu, akawa Mwalimu Rugemalira. Nilijua ninachokitaka. Nilitaka watu wale waliomcheka wacheze gemu langu, waisome barua ya droo, halafu baba yangu aingie mlangoni na wasimame kwa heshima, pasiwe na hata mmoja wa kumkoholea.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo tukaita watu kumi na wawili waje kulijaribu. Wa kwanza alikuwa Mhoja, keshia wa duka la spea pale chini, mwanamke aliyelimaliza Zamu la zamani mara kumi na moja na hasahau kukwambia. Alikaa, akakunja mikono ya gauni, akaanza. Alikamatwa jikoni. Alikamatwa tena jikoni. Alifika maktaba, akajibanza nyuma ya rafu vizuri kabisa, na Bwana Zamu akatokea ubavuni mwake bila mlio, akiwa na uso wa huzuni, akamkamata. Saa nzima ikapita hivyo. Kati ya watu kumi na wawili hakuna aliyeiona bustani.

"Dada Koku, usinichukie," Mhoja akasema akijipangusa jasho. "Huyu si Bwana Zamu. Huyu ni mzimu. Namwonea huruma, halafu ananikamata. Sijui nilie au nikimbie."

"Ni gemu la kisasa," nikamjibu. "Linahitaji akili."

"Akili ninayo. Sasa nitamkwepaje mtu nisiyemsikia?"

Walipoondoka, Jitesh akafunga mlango. "Rudisha kikohozi."

"Sirudishi."

"Na viatu. Na funguo. Koku, gemu limekufa, tunalizika wiki mbili zijazo mbele ya watu mia mbili."

"Angekuwa baba yako ungerudisha?"

"Baba yangu yumo!" Jitesh akapiga meza. "Yule mpishi mnene anayelala kaunta kwenye levo ya kwanza ni nani? Ni Mzee Jayant! Kushal alimchora na kitambi chake na kandambili zake! Mimi nilichekwa kuliko wewe, na mzee mwenyewe alibandika picha yake dukani!"

Hilo nilikuwa silijui. Lakini mtu akishapanda mti wa hasira kushuka ni kazi, kwa hiyo nikamwambia mambo mengine ambayo siyaandiki hapa. Mwishowe, tukiwa tumechoka wote, akasema neno la maana. "Tumuulize Mwalimu mwenyewe. Akisema kikohozi kisirudi, sitasema tena."

Nikakubali haraka. Nilikuwa na uhakika kama wa jua kuchomoza.

Jumapili baada ya misa tukaenda. Nyumba ya wazazi wangu imejengwa kati ya mawe mawili makubwa kuliko nyumba yenyewe, na kwenye kila kijisehemu cha udongo kati ya mawe hayo baba amechomeka mgomba. Alikuwa barazani anatafuna punje za kahawa. Jitesh akainama kabla hata hajavuka kizingiti.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Jitesh. Mzee Jayant hajambo? Kaa. Na wewe, Kokulinda, mbona umenuna?"

"Sijanuna, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Umenuna."

Tukaweka laptopu kwenye meza ya chakula, mama akasogeza bakuli la ndizi. Baba hakuwahi kucheza Zamu maishani mwake, lile la zamani wala lolote. Tulimwonyesha vitufe, akavaa miwani, akaanza kunyata kwa vidole viwili, mdomo wazi, akiegemea kushoto kila kijana wa kwenye kioo alipojibanza kushoto. Alikamatwa mara tisa. Mara ya kumi nikamsaidia kidogo, nikampeleka moja kwa moja ofisini ili aisome barua. Hii ndiyo ilikuwa zawadi yangu.

Akasoma kwa sauti, sauti yake ya darasani. "Mke wangu alinitoka tungali vijana..."

Mama akaacha kumenya chungwa. "Waitu! Kokulinda, umeniua?"

"Mama, ni gemu."

"Na nimekufa na nini?"

"Homa."

"Homa tu? Mwanangu wa kumzaa, hata kifo cha heshima umenikosesha!"

Jitesh alizama ndani ya bakuli la ndizi, mabega yakimtikisika. Baba hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamtazama yule mtu wa huzuni kwenye kioo.

"Huyu bwana ana tabia mbaya sana," akasema.

"Tabia gani, baba? Mimi nimemfanya mwema. Soma barua yote."

"Barua nimeisoma. Mtu mwema akilia dirishani ni shauri lake. Lakini anafika kimya. Kwa nini hakohoi?"

Pale nikamwaga yote. Nilimweleza habari za darasa, madawati, jino la Precious, yule bwana wa Kirumba. Nilimwambia kwamba kikohozi nimekitoa kwa ajili ya heshima yake, ili watu waache kumcheka. Nilizungumza haraka, bila kuvuta pumzi. Mama alinishika mkono.

Baba akatafuta punje nyingine ya kahawa mfukoni.

"Kule kwetu Kanyigo," akasema, "mwanamume akishuka mtoni na kuna watu wanaoga, anakohoa kwanza. Akikaribia nyumba ya mwanawe aliyeoa, anakohoa. Haumwi. Anakohoa ili watu wajiweke sawa, wasiaibike mbele yake. Anayefika kimya ni mwizi au mchawi. Umenifanya mchawi, Kokulinda."

"Lakini shuleni ulikuwa mwalimu wa nidhamu. Kazi yako ilikuwa kuwakamata."

"Ndivyo nilivyofikiri na mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilivaa raba, kama huyu wako. Wiki moja nikakamata thelathini na mmoja. Na ukishamkamata mtoto huwezi kujifanya hukumwona, wenzake wanakutazama, kwa hiyo nikawachapa wote. Ijumaa mkono umevimba. Jumatatu naingia kufundisha, nauliza swali, hakuna anayenyoosha kidole. Waliniogopa mimi, wakaiogopa na hisabati. Nikajiuliza, nimepata nini?"

Akanyoosha mguu mmoja kuonyesha kisigino, ingawa alikuwa amevaa kandambili.

"Nikaenda kwa fundi viatu, nikamwambia apige chuma. Nikamwomba mkuu wa shule funguo zote, hata za milango iliyokwisha kung'olewa. Halafu nikafanya hesabu. Mtoto wa kidato cha kwanza mwenye woga anahitaji sekunde tano kutoka dirishani hadi kwenye ua wa michongoma. Sekunde tano, kwa mwendo wangu, ni hatua saba. Basi hatua saba kabla ya kila kona, nakohoa. Anayetaka kukimbia, akimbie. Kesho atakuwa darasani, hajachapwa, na anajua kuna mtu anatembea usiku na mchana kumwangalia."

"Na asiyekimbia?" Jitesh akauliza. Alikuwa ameacha kula.

"Huyo ndiye niliyekuwa namtafuta. Wapo watoto wanaotaka kukamatwa, Jitesh. Unakohoa, unagongesha funguo, unaburuza viatu, na bado unamkuta amekaa pale pale gizani peke yake. Huyo humchapi. Huyo unakaa naye ofisini, unampa chai, unamuuliza nyumbani kuna nini."

Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari aliyokwisha kuijua. Usilolijua ni usiku wa giza, wanasema wazee, na mimi nilikuwa nimetembea kwenye usiku huo tangu darasa la nne, nikiwapiga watu ngumi njiani.

"Kushal alijua?" nikauliza.

"Alikuja kuniaga kabla hajaenda ng'ambo. Akaniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia kikohozi amekiweka mahali pake, hatua saba, lazima aliihesabu. Alifaulu hisabati vizuri, yule."

"Na yule bwana wa Kirumba? Alikukoholea mbele ya mtoto wako!"

"Luhende? Alikuwa ananiamkia. Wengine wanasema shikamoo, wangu wananikoholea. Luhende ni mmoja wa wale waliokaa gizani." Akanitazama juu ya miwani. "Wewe ulimkata jicho, maskini. Aliniuliza baadaye kama binti yangu anaumwa."

"Kwa nini hukuniambia haya yote?"

"Hukuuliza, mwanangu. Ulikuwa unapigana."

Jitesh hakusema hata "nilikwambia," na kwa hilo nitamheshimu hadi naingia kaburini. Alisema tu kwamba faili la kikohozi cha zamani lilikuwa sauti ya Kushal akiigiza, na mimi nimelitupa, na maikrofoni anayo kwenye begi. Baba akasimama palepale. Akaingia chumbani, akatoka na viatu vyake vya zamani, chuma bado kipo kisiginoni, na rundo la funguo za milango isiyokuwepo duniani. Nilidhani zilikwisha kutupwa.

Tulirekodi kwenye korido ya nyumba. Baba anaanzia barazani, anaingia, kho, kho, anatembea hatua saba, anapinda kuingia jikoni. Mara ya kwanza kuku aliingilia. Mara ya pili baba alikohoa kwa madaha, kama anahojiwa redioni. Sisi Wahaya tukionyeshwa maikrofoni tunapata shida hiyo.

"Mzee, unakohoa kama mgeni rasmi," mama akapiga kelele kutoka chumbani. "Kohoa kama mume wangu!"

Mara ya sita Jitesh akasema tunahitaji sauti kama anavyoisikia mtoto aliyejificha, siyo kama anavyoisikia mwalimu. Basi nikachukua maikrofoni, nikajibanza jikoni nyuma ya gunia la mkaa, nikaiinua juu kidogo. Magoti siku hizi yanalia, lakini nikaingia. Nikasikia chuma kikigonga sakafu. Kho, kho. Funguo. Nikahesabu hatua saba, kisha kiatu kikaingia jikoni, na baba akasimama.

"Hapo hapo," akasema kwa upole. "Siku ile gunia lilikuwa linatikisika."

Sikuinuka.

"Nilikohoa getini nilipokuona unakuja. Nikazunguka mbio nikaingia kwa mlango wa mbele, nikakohoa ukumbini. Nikakohoa tena hapa mlangoni, na wewe bado. Ulikuwa umedondosha kiatu kimoja unakipapasa. Ikabidi nisome kalenda. Nimeisoma ile kalenda, Kokulinda, hadi sikukuu za mwaka uliopita nazijua kwa moyo."

"Kwa nini hukunikamata?"

"Ulikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Mtoto anayerudi nyumbani humkamati."

Nililia. Sioni sababu ya kuficha. Nililia nimekaa kwenye vumbi la mkaa huku nacheka, miaka thelathini na mitatu, gauni la kanisani limeharibika, na ushindi wangu pekee maishani ukiwa umeyeyuka. Sijawahi kufurahi kupoteza kitu namna ile. Jitesh hakuzima mashine, kwa hiyo yote hayo tunayo kwenye rekodi, na amekataa kuyafuta.

Wiki iliyofuata nilifumua kazi yangu ya miezi minane. Macho nikamwachia, lakini masikio nikayapunguza. Njia inabadilika bado, ila kwa kanuni moja ambayo nimeiandika juu kabisa ya programu: hatua saba kabla ya kona, akohoe. Barua ya droo niliitoa, mama akafufuka. Badala yake, kwenye levo ya mwisho, mchezaji akisikia kikohozi na asikimbie, akae tu alipo, Bwana Zamu hamwandikii maneno mekundu. Anakaa sakafuni karibu yake, anatoa chupa ya chai, na unaupata mpira wako kwa njia hiyo pia. Mhoja aliigundua siku ya pili. Alipanda ngazi mwenyewe kutoka dukani, akanikumbatia kwa mikono yake yenye wino wa risiti. Sasa ameshalimaliza mara nne na hasahau kukwambia.

Jumamosi ya uzinduzi ukumbi wa Pasiansi ulijaa. Walikuja wanaume wa miaka arobaini na zaidi, vitambi, mashati ya kitenge, mmoja daktari, mmoja nahodha wa meli, mmoja padre. Dokta Luhende alikuwa mstari wa mbele. Nilimwendea na kumwomba radhi kwa lile jicho la Kirumba, na akasema hakumbuki jicho lolote, jambo ambalo halikuwa kweli, maana alirudi nyuma hatua moja aliponiona. Mzee Jayant alikaa karibu na sambusa, kandambili miguuni, akisaini vipeperushi. Jitesh akashika kipaza sauti, akaanza kueleza jinsi gemu la zamani linavyofanywa upya.

Hakufika mbali. Nje, kwenye korido, tulisikia chuma kikigonga saruji. Funguo zikalia. Nikajikuta nahesabu kimoyomoyo hatua zilizobaki hadi mlangoni, kumi na moja, kumi, tisa, nane, saba.

Kho, kho.

Viti vilianguka. Watu mia mbili walitumbukia chini ya meza kwa pamoja, daktari, nahodha na padre, wakisukumana na kucheka kama watoto wa kidato cha kwanza, na kabla sijajua nafanya nini nami nilikuwa chini, kichwa changu kikigongana na cha Jitesh, goti langu juu ya sambusa ya mtu. Mpaka mama alikuwa ameinama nyuma ya maua.

Baba akatokea mlangoni na kaunda suti yake ya kaki. Mzee Jayant, ambaye ana miaka themanini, alikuwa bado anahangaika kuingiza tumbo lake chini ya meza. Baba alimwona. Akasimama pale pale mlangoni, akageukia kalenda iliyotundikwa ukutani, akaanza kuisoma mwezi kwa mwezi, bila haraka, mpaka Mzee Jayant naye akawa amejificha.